Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, visima vya jirani na dampo vipimwe

Mheshimiwa, salaam.

Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora na tunashukuru kwa dhati. Lakini bomba likikauka, au bili ikimshinda mtu, ndoo hurudi kisimani, hata kama kisima kiko jirani na dampo. Shimo limezungushiwa tairi kuukuu, kuna kamba na dumu la lita tano lililokatwa mdomo. Maji ni meupe, hayana harufu, na watu wanayaamini.

Mvua ikinyesha juu ya taka, maji hupenya kwenye mabaki yaliyooza, betri za tochi zilizopasuka, makopo ya rangi, chupa za viuatilifu vya tumbaku. Hutokea chini yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea, na dampo lisipotandikwa kitu cha kuyazuia, huzama mpaka kwenye maji ya visima. Hata dampo likifungwa, uchafu huo unaweza kuendelea kushuka kwa miaka mingi.

Tumefundishwa kuchemsha maji. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, ni ushauri sahihi. Lakini madini ya risasi na naitreti, chumvi itokanayo na taka zinazooza, haviondoki kwa moto; maji yakipungua sufuriani vyenyewe vinazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa naitreti miligramu 50 kwa lita. Ikizidi sana, damu ya kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo ikageuka bluu. Risasi nayo huumiza ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kuhara kwa kumshtua mzazi. Inaniuma kwamba mama anayechemsha maji kila jioni anaamini amemaliza kazi.

Mheshimiwa, agiza visima hivi vipimwe, na si vijidudu peke yake: naitreti, risasi na metali nyingine nzito pia, kiangazi na masika. Majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, kisima kwa kisima. Kitakachokutwa kibaya kifungwe siku ileile kituo cha kuchotea maji kinapofunguliwa jirani, kwa bei ambayo muuza mboga anaimudu. Kukifunga bila mbadala ni kazi bure. Watu watakifungua usiku, na mimi siwezi kuwalaumu.

Tunaomba majibu ya kwanza yawe ubaoni kabla ya mvua za Novemba.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Manispaa ya Tabora