Tromsø hadi Longyearbyen: usipime kwa rula

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard, ni mbali sana kutoka hapo Tromsø, kaskazini mwa Norwei, maana kwenye ramani ya simu inaonekana iko mwisho wa dunia. Ramani hiyo huvuta nchi kadiri inavyokaribia ncha: Tromsø imekuzwa karibu mara 3 ukilinganisha na ikweta, na Longyearbyen karibu mara 5. Weka rula pembeni, upige hesabu.

Kiwanja cha ndege cha Tromsø kiko latitudo 69.68 Kaskazini, cha Longyearbyen 78.25. Tofauti ni digrii 8.57, na huko kila digrii ni kama kilomita 111.5, basi unapata 955. Longitudo zinapishana kwa digrii 3.5 hivi, lakini kule juu mistari yake imebanana: digrii moja ambayo kwenye ikweta ni kilomita 111, kwenye latitudo 74, katikati ya safari yako, ni kama 31 tu. Kwa hiyo mtasogea magharibi kilomita 100 na ushee. Usizijumlishe, ni pande mbili za pembetatu mraba, na njia yako ni ule upande wa mshazari: kama kilomita 960. Kwa ndege, Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama 850, basi unaona haijapita sana.

Boeing 737 ikishatulia juu hukimbia kama kilomita 830 kwa saa, yaani saa 1 na dakika 10. Ongeza kutambaa kiwanjani, kupanda na kushuka, ndipo unapata ile saa 1 na dakika 40 hivi ya kwenye ratiba. Saa za miji yote miwili ni zilezile.

Kinachonihangaisha mimi si muda wa angani. Kiwanja cha Longyearbyen kimebanwa kati ya mlima na bahari, na karibu yake hakuna kingine cha kupokea ndege kubwa. Ukungu ukikifunika, rubani hana pa kwenda ila kurudi bara, na ndiyo sababu ndege hubeba mafuta ya kurudia. Unaweza kuruka saa 3 na dakika 20 ukajikuta umeshuka palepale Tromsø. Basi acha siku nzima wazi kabla ya mtihani au safari nyingine, na kama unaunganisha ndege, zote ziwe kwenye tiketi moja, ili ukichelewa shirika likutafutie nafasi nyingine.

Jambo la pasipoti lisikupite. Svalbard ni ya Norwei lakini iko nje ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, kwa hiyo utakaguliwa ukitoka na ukirudi. Beba pasipoti pamoja na kadi ya kibali chako cha ukaazi. Rafiki yako anayekuja kukutembelea akiwa na viza ya kuingia mara moja asifuatane nawe: huko hataulizwa viza, lakini kurudi Tromsø hataruhusiwa. Aombe ya kuingia mara mbili au zaidi.

Koti zito, glavu na kofia viwe mkononi, si kwenye sanduku, maana sanduku likichelewa utatoka nje bila kitu. Ukitua panda basi hadi mjini. Nje ya makazi kuna dubu weupe, na hakuna anayetoka huko bila mtu mwenye silaha.

Nitumie namba ya ndege ya kwenda na ya kurudi.

Mama yako