Mchoro wa droni, WhatsApp na hela ya jeshi: soma hii kabla hujaomba SBIR

Sisi tunasaidia vikampuni kuomba hela za SBIR, na wateja wetu wengi ni mafundi na mainjinia Waswahili tunaoishi nao huku Marekani, wamefungua vikampuni vya watu watatu wanne, mmoja anajua propela, mwingine programu ya kuongoza droni, mwingine betri, na wakitupigia simu swali la kwanza siku zote ni hela, yaani SBIR inatoa dola ngapi na inachukua muda gani. Tunawajibu vizuri tu, lakini swali letu sisi la kwanza ni jingine kabisa: michoro yenu iko wapi na nani ameshaiona?

Kwa asiyeijua, SBIR ni mpango wa serikali ya Marekani uliowekwa na sheria ya 1982. Idara yoyote inayotoa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti unaofanywa nje ya ofisi zake lazima itenge asilimia 3.2 kwa ajili ya kampuni ndogo, na Wizara ya Ulinzi ndiyo yenye fungu kubwa kuliko zote. Awamu ya kwanza unaonyesha kwamba wazo linawezekana, ya pili unatengeneza chombo cha majaribio, ya tatu hela ya SBIR haipo tena, unauza jeshini au sokoni. Sio mkopo na serikali haichukui hisa. Qualcomm na iRobot zote zilipata hela za mpango huu zikiwa bado changa. Ila msiiwekee maisha yote, maana muda wa sheria yenyewe uliisha Septemba 30, 2025 bila Congress kuuongeza kwa wakati, na kampuni zilizokuwa zinategemea mkataba mpya zikabaki zinasubiri huku mishahara inadaiwa.

Sasa tuje kwenye michoro. Una mdogo wako yuko Nairobi, anajua sana kuchora kwa kompyuta, unamtumia faili la bawa kwa WhatsApp akurekebishie, anakurudishia usiku huohuo na wala hakudai kitu. Kama bawa hilo ni la droni iliyobuniwa kwa matumizi ya jeshi, umeshasafirisha teknolojia ya kijeshi nje ya nchi bila leseni, basi. Sheria inaitwa ITAR, inasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na ukivunja makusudi adhabu inafika dola milioni 1 na jela miaka 20 kwa kila kosa. Haijalishi ni ndugu, haijalishi hakuna hela iliyotembea, hata ukimwonyesha mchoro kwenye skrini mkiwa mnaongea kwa video ni vilevile. Na mtu sio lazima awe nje ya nchi, kwa sababu rafiki yako aliyeko hukuhuku Columbus kwa viza ya kazi ya H-1B ukimfungulia faili kwenye laptopu yako mezani kwako, kisheria umelisafirisha nje. Nchi nyingine zina masharti makali zaidi, DRC, Somalia na Sudan Kusini zimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo wenzetu wenye familia Bukavu au Goma wawe waangalifu maradufu.

Tunalisema hili kwa uchungu kidogo maana sisi tumezoea kusaidiana hivyo, kazi ya mmoja ni kazi ya ukoo mzima, na hakuna mtu anayewaza kwamba kumtumia mdogo wake faili ni kosa la jinai. Ndiyo maana tunaliuliza mapema, kabla hata hatujafungua andiko la mradi.

Sio kila kinachoruka kiko chini ya ITAR. Droni ya kunyunyizia dawa shambani kwa kawaida iko chini ya sheria za Wizara ya Biashara, ambazo nazo zina leseni zake ila ni nyepesi zaidi. Lakini hapa kuna kitu ambacho hata mawakili wengine hawakikumbuki: ndege ya majaribio iliyogharamiwa na Wizara ya Ulinzi kwa mkataba inaingia kwenye orodha ya silaha ya ITAR kwa sababu tu ya nani aliyelipa, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeandika kwamba chombo kinatengenezwa kwa matumizi ya kiraia na ya kijeshi. Yaani droni uliyokuwa unaionyesha kwa uhuru mwaka jana, toleo lake jipya linaweza kufungwa siku ukisaini. Kama unalenga pia kuuza kwa wakulima au hospitali, ombeni hayo maneno yaingie kwenye mkataba kabla ya kusaini, baada ya hapo ni kazi ngumu sana.

Halafu kuna nani anaruhusiwa. Hapa watu wetu wanajinyima wenyewe bure. ITAR haisemi raia tu. Mwenye grinikadi anaruhusiwa, mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaruhusiwa, na aliyekwisha kupewa hifadhi anaruhusiwa. Anayesubiri jibu la hifadhi bado, mwenye TPS (ile ruhusa ya muda ya kukaa Marekani) peke yake hapana, mwenye viza ya kazi au ya masomo hapana mpaka leseni ipatikane. Kuna vijana waliokulia kambi ya Nyarugusu au Kakuma, leo wamesoma uinjinia hapa, wanaambiwa na mwajiri "hii kazi ni ya raia tu kwa sababu ya ITAR". Hiyo si kweli, na Wizara ya Sheria imeshazibana kampuni kadhaa kwa ubaguzi wa namna hiyo.

Umiliki ni habari nyingine, msichanganye. Ili kampuni ifae SBIR lazima iwe ya biashara, ina wafanyakazi wasiozidi 500, na zaidi ya nusu ya umiliki iwe ya raia au wenye grinikadi. Kwa hiyo mkimbizi ambaye bado hajapata grinikadi anaweza kushika michoro na kuifanyia kazi, ila umiliki wake hauhesabiki kwenye hiyo zaidi ya nusu. Na yule mtafiti mkuu, zaidi ya nusu ya muda wake wa kazi lazima awe kwenye kampuni yako, sio profesa uliyemwazima jina.

Kuficha mchoro sio woga. Ndugu wawili wa Dayton, Orville na Wilbur Wright, wale waliobuni ndege wakiwa na duka la baiskeli, waliacha kabisa kuruka kuanzia mwishoni mwa 1905 mpaka 1908, hawakutaka mtu aione mashine yao bila mkataba. Februari 1908 jeshi likasaini nao kwa dola 25,000, ndege ibebe watu wawili na ifikie maili 40 kwa saa. Mwaka 1909 ilifika maili 42.5 wakalipwa 30,000, kwa sababu mkataba uliweka bonasi ya mwendo.

Leo ulinzi wako mkubwa kwa serikali yenyewe ni haki za data za SBIR: miaka 20 tangu upewe mkataba, serikali inaweza kutumia data zako kwa shughuli zake lakini haiwezi kumpa mshindani wako atengeneze. Ila lazima kila mchoro na kila ripoti iwe na alama yenye maneno yaleyale yanayotakiwa na kanuni. Ukituma bila alama unaweza kuipoteza haki hiyo, na kuirudisha ni mbio za kuombaomba. Sisi tunaikagua kurasa kwa kurasa, inachosha, lakini ndiyo mali yenu yote.

Ukija kwetu, njoo na orodha ya kila mtu aliyewahi kupokea faili lolote la mradi, karatasi zake za uhamiaji au angalau hali yake, mgawanyo wa hisa, na mahali mafaili yanapokaa, kama ni simu sema ni simu. Usifute kitu chochote, hata kama ukisoma hapa umeshtuka, maana kufuta kunaweza kuharibu zaidi na kuna utaratibu wa kujieleza wenyewe serikalini ambao hupunguza adhabu, hapo tunakuunganisha na wakili. Usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya wanaotaka mikataba yake, anza leo hata kama andiko halijaandikwa, ni bure, anayekutoza hela anakuibia. Hiyo ya usajili tunakusaidia kwa simu bila malipo, mengine tunapatana tukishaona mradi.