Msilidanganye goti: barua kwa vijana wetu mlioko Chennai

Wanangu,

Salamu kutoka Mombasa. Nimesikia mazoezi yameanza, na kwamba mtapanda jukwaani Desemba, msimu ambao Chennai hailali kwa muziki na dansi. Nami nilikuwa huko mwaka 1974, mji ungali ukiitwa Madras, msichana wa miaka 19 niliyedhani Bharatanatyam, dansi ya jadi ya huko kusini mwa India, ni kunyanyua mikono vizuri tu.

Nataka tuzungumze habari ya araimandi. Naam, mkao ule ule mnaouchukia: magoti yamekunjwa yakitazama pembeni, mgongo umenyooka, mwili umeshuka nusu. Mwalimu akigonga kijiti chake juu ya kigogo, tei ya tei, mwendo wa kwanza taratibu, wa pili mara mbili yake, wa tatu mara mbili tena, nyote mko chini. Akigeuka kunywa chai, mnaumuka kama maandazi. Nawajua. Sisi pia tulikuwa hivyo.

Huo ni uongo mdogo. Mkubwa ni kushuka kuliko nyonga zinavyoruhusu ili usifiwe. Mimi nyonga zangu zilikuwa ngumu, basi nikawa nazungusha nyayo kwa nguvu huku magoti yakibaki yanatazama mbele. Kwenye kioo nilipendeza ajabu. Sakafu ilikuwa ya saruji, nasi tukiipiga kwa miguu mitupu asubuhi nzima. Goti la kulia likaanza kulalamika. Nikalipaka mafuta, nikanyamaza, nikihofia nafasi yangu isipewe mwingine. Wiki 3 kabla ya onyesho likavimba kama embe dodo. Nafasi ikapewa mwingine vile vile, nami nikabaki pembeni kuwashikia wenzangu njuga. Mpaka leo nikipanda ngazi linanikumbusha.

Kwa hiyo goti lielekee vinakoelekea vidole vya mguu. Kama halifiki, punguza kufungua nyayo, hata kama jirani yako amefunguka kama mwavuli. Paja likiwaka moto, hiyo ni kazi. Maumivu ya kuchoma ndani ya goti si kazi, na mwambieni mwalimu siku hiyo hiyo. Atakasirika. Mwacheni akasirike.

Kukaa kwangu pembeni kulinipatia jambo jingine. Alikuwepo pale bibi mmoja wa ukoo wa madevadasi, wale wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, walioibeba dansi hii kizazi hadi kizazi kabla ya sheria ya Madras ya mwaka 1947 kupiga marufuku desturi hiyo. Wakati huo mabinti wa nyumba za heshima walikuwa wameshaipokea, hasa baada ya mmoja wao, Rukmini Devi, kuicheza hadharani mwaka 1935 na kufungua shule mwaka uliofuata. Dansi ikasifiwa, madevadasi wenyewe wakaendelea kusengenywa. (Haya huenda msiambiwe mazoezini. Ulizeni.)

Bibi yule akaniambia, huwezi kusimama, basi cheza umekaa. Kwao abhinaya, yaani kusimulia kwa uso na mikono, ilichezwa hata kwa kukaa. Akanipa sehemu ya Yashoda wa hadithi za Kihindu, anayemwambia mwanawe Krishna, mungu katika umbo la mtoto, afunue kinywa kwa sababu ameambiwa mtoto amekula udongo. Mle ndani anaona ulimwengu mzima. Nikatoa macho, nikaachama, mikono ikatetemeka. Nilijiona nimeweza.

"Udongo umeuona?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Mama hafunui kinywa cha mtoto kutafuta nyota. Anatafuta udongo."

Akamshika kidevu mtoto asiyekuwepo, akakigeuzia kwenye mwanga, kidole kikapita juu ya ufizi kama afanyavyo mama yeyote wa Kisauni au Likoni. Kisha kidole kikasimama. Hakuongeza kitu. Vinyweleo vikanisimama.

Nasikia katika onyesho lenu Yashoda yumo. Aliyepewa sehemu hiyo autafute udongo kwanza, kila siku ya mazoezi, hata pale ambapo mwimbaji hajafika na mnacheza kwa kufuata kinasa sauti. Ninyi wa mstari wa nyuma, msidhani hamhusiki. Mtazamaji huona mguu mmoja uliochelewa kabla ya kuona mikono kumi iliyopatana.

Sasa nitumieni picha ya sakafu mnayochezea. Kama ni saruji, nitawaona wazazi wenu wiki hii tuchange, mpate ukumbi wenye mbao.

Bibi yenu,
Mombasa