Ukiulizwa unafanya kazi gani

Mwanangu,

Jumapili pale Pumwani, baada ya nikahi, mjomba wa bwana harusi alikuuliza unafanya kazi gani. Nilikuwa nyuma ya pazia na akina mama, nikakusikia: "Natengeneza simu, pale Luthuli Avenue." Akauliza tena, "Na yale mashairi tunayosikia?" Ukacheka, ukasema ni mambo ya kupitisha wakati tu. Neno hilo limenikaa kooni hadi leo.

Sikulaumu. Ukijitaja mshairi katika Nairobi hii, mmoja atakwambia "haya, tutungie basi," mwingine ataanza kukuhesabia kodi ya nyumba.

Lakini babu yako alikuwa bawabu Industrial Area. Akirudi alfajiri, kabla hajavua koti, alikaa ukingoni mwa kitanda akihesabu mizani kwa vidole juu ya paja, nane kwa nane. Silabi moja ikizidi alirudia mshororo wote tangu mwanzo, chai ikipoa pembeni. Mmoja ninao mpaka leo: *Lango nalinda si langu, usingizi sio wangu.* Mashairi yake yalipotoka Taifa Leo aliyakata kwa makasi yangu ya cherehani, akayaweka kwenye kopo la biskuti. Kazini hakumwambia mtu.

Siku ya matanga nililifungua kopo lile mbele ya wenzake. Mmoja alisoma karatasi mbili, ya tatu ikamshinda, akaketi. "Miaka kumi na miwili tumekesha naye lango moja," akasema, "wala hakunisomea hata ubeti." Yule mzee alikuwa ameumia, mwanangu. Nami niliumia, kwa sababu nilijua na nilinyamaza pamoja na baba yangu.

Usidhani kazi ya mkono inakunyima jina. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha miaka mingi. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake, na mle gerezani akatunga akiandika kwenye karatasi za chooni. Kama kutunga kungekuwa kupitisha wakati, nani angejisumbua hivyo?

Sikwambii ujiite malenga, yaani bingwa wa ushairi. Hilo hupewi na nafsi yako, wanakupa waliokusikia, na wazee wetu walikuwa wagumu kulitoa. Nami naona walifanya vyema. Mshairi ni jambo jingine. Anayetengeneza simu ni fundi simu hata kama jana aliharibu moja, na anayetunga ni mshairi. Neno likikuelemea, sema "natunga mashairi." Lakini useme kwa sauti ileile unayotajia bei ya kioo cha simu.

Wakikwambia utunge papo hapo, waambie shairi lataka siku zake. Seremala haambiwi achonge kitanda wageni wakila. Na la arusi ni kazi: lilipiwe, hata na jamaa. Shangazi yako atanuna, mwache anune.

Ijumaa tunamsomea babu yako hitima. Yule mzee wa langoni anakuja, nimeshamwambia mjukuu naye anatunga, akauliza kama utamsomea. Kopo nimelipangusa vumbi. Njoo na daftari lako.

Mama yako