Wanaharakati Hawa Wanalipwa na Nani?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu siku za Saba Saba ya 1990, maandamano yale ya kudai vyama vingi, na sijawahi kukuandikia. Ila ile taarifa yenu ya wiki jana, ya "wanaharakati wa kulipwa", imenikaa kooni mpaka leo. Mwandishi wenu hakumtaja mlipaji wala hakusema ni pesa ngapi. Alilitupa neno akaenda zake.

Mwaka jana kitinda mimba wangu alikamatwa hapa Mathare akitoka kazini, saa mbili usiku. Mjini kulikuwa na maandamano siku hiyo na yeye hata hakuyakaribia. Nilikwenda vituo viwili vya polisi nikaambiwa hayupo. Cha tatu nikaambiwa nirudi kesho, nikaketi sakafuni kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Karibu saa sita akaingia msichana mmoja, rika la mjukuu wangu mkubwa, patipati yake imeshikizwa kwa waya, kwapani daftari la shule limejaa majina ya watu. Akachuchumaa mbele yangu: "Shosho, wamekupa namba ya OB?" Mimi OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio na waliokamatwa, nilikuwa siijui. Akaenda kaunta, akasalimia kwa adabu, akasema Katiba kifungu cha 49 kinataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kwamba aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili. Afisa akamwambia awache siasa. Hakupandisha sauti. Alirudia maneno yale yale mara tatu, na mara ya nne jina la mwanangu likaonekana kitabuni, limeandikwa tangu saa mbili na nusu! Saa zote hizo alikuwa seli, hatua 20 kutoka nilipoketi, na mimi naambiwa hayupo. Asubuhi wakamwachilia bila shtaka lolote. Nilimpa msichana yule shilingi 200 za nauli, akazirudisha mkononi mwangu. Akaniomba kalamu tu, yake ilikuwa imeisha wino.

Huyo ndiye mnayesema analipwa?

Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, naye alisemwa. Mwaka wa 1989 alipopinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, wabunge walimdhihaki kwamba anaongoza kundi la wanawake walioachika. Jumba halikujengwa, na leo watoto wetu wanacheza kwenye nyasi hizo. Na wale kina mama wa 1992, waliogoma kula pale Freedom Corner, kona ya hiyo hiyo Uhuru Park, wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa, wakapigwa na polisi hadi baadhi yao wakavua nguo: nao walilipwa na nani? Hakuna mama anayevua nguo mbele ya askari kwa ajili ya bahasha.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, mtuandikie pia habari ya matatu. Makanga akisikia tu neno maandamano, nauli ya 50 inakuwa 100, kisha unashushwa Ngara uende mjini kwa miguu. Nina goti bovu. Siku kama hizo natembea nikishika ukuta, na nauli yangu ya ziada imebaki kwenye gari. Hawa hawaitwi wahuni gazetini.

Ombi langu ni hili. Mkiandika tena kwamba fulani amelipwa, chapisheni jina la mlipaji na kiasi chenyewe, kwa herufi kubwa kama zile za kichwa cha habari. Mkikosa, liondoeni hilo neno. Halafu mtume mwandishi wenu akae kituo cha polisi Ijumaa moja usiku, kuanzia saa nne, kwenye sakafu ile niliyoketi mimi. Aje na daftari la kurasa 200 na kalamu mbili, moja ampe yule msichana.

Mama wa Mathare,
Nairobi