Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaokwenda Mkuranga kuokota korosho

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Mbagala, Temeke, Kimara na kwingineko jijini Dar es Salaam,

Nawasalimuni nyote. Ninaandika hadharani kwa sababu familia nyingi za jiji hili zina shamba Mkuranga au Kisarawe, na sidhani kama vijana wa kwao wanatofautiana sana na nyinyi. Kila Desemba, shule zinapofungwa na wenye ajira wanapopata likizo, magari yanayoondoka Mbagala Rangi Tatu hujaa watu wanaokwenda kuwasaidia wazee wao shambani, jambo ambalo linanifurahisha na ningependa lidumu. Tatizo langu ni kwamba mnakuja kuokota, kisha mnaondoka kabla ya kuanza kazi inayoipa korosho bei.

Kuokota ndiyo sehemu nyepesi ya siku. Korosho iliyokomaa huanguka yenyewe pamoja na bibo lake, yaani lile tunda lenye nyama linaloishika, na chini ya mkorosho uliopaliliwa vizuri hata mtoto wa darasa la pili hujaza ndoo. Kwa hiyo kila mmoja wenu huikimbilia kazi hiyo, picha zikapigwa, na ifikapo saa saba, jua la kaskazi likiwa limekaza, mmekwisha kunawa mikono na mnaulizana gari la kurudi mjini litapita saa ngapi, huku shangazi yenu akibaki na marundo ya korosho ambazo bado zimeshikana na mabibo, akiwa na mikono yake miwili tu.

Ninashauri siku ipangwe upya kwa kufuata jua. Anayekuja afike Ijumaa jioni alale hukohuko, ili saa kumi na mbili asubuhi awe chini ya miti. Ifikapo saa nne kuokota kusimame, zilizobaki zisubiri alasiri, na watu wote wakae kivulini kutenga korosho na mabibo. Hapa ndipo ninapowaomba subira, maana kazi hii haina shangwe. Bibo huzungushwa taratibu hadi korosho itoke safi, kwa kuwa nyama inayobaki kwenye korosho hushika unyevu, huleta ukungu na kuacha madoa, na korosho ya namna hiyo huangukia daraja la pili hata kama mti ulioizaa ni mzuri kuliko yote shambani. (Mabibo yenyewe yanafaa kwa juisi, nami ninaipenda sana, ila njooni na nguo za kazi, kwa sababu doa lake halitoki.)

Korosho zilizotengwa huanikwa siku hiyohiyo, juu ya jamvi au sakafu ya saruji, kwa tabaka jembamba linalogeuzwa mara kwa mara. Huchukua siku mbili hadi tatu za jua kali, na katika siku hizo lazima awepo mtu wa kuangalia mawingu, kwani mvua za vuli hapa Pwani bado huweza kunyesha Desemba, na manyunyu ya robo saa yanatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Jioni hukusanywa na kufunikwa zisipigwe na umande. Iliyokauka sawasawa hulia ikitikiswa, na ukiibonyeza kwa ukucha haibonyei. Hapo ndipo mnachambua: changa, zilizotobolewa na zenye madoa zikae kando, na nzuri zitiwe kwenye magunia ya katani, si mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa. Kuhusu wanaochanganya mchanga ili kuongeza uzito, sitaki hata kusikia utani wake katika ukoo wetu.

Naelewa pia kwa nini baadhi yenu hushawishika kumuuzia kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mfumo rasmi, papo hapo shambani. Yeye hulipa taslimu, hajali unyevu, na mfumo wa stakabadhi ghalani unadai mzigo upelekwe kwenye chama cha msingi cha ushirika, upimwe, uende ghalani, kisha usubiri mnada. Kusubiri kunachosha, na malipo yamewahi kuchelewa, hilo silikatai. Lakini kumbukeni Novemba 2018, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo: aliyekuwa amekwisha kumuuzia kangomba hakuwa na cha kupeleka ghalani. Kama kuna mwenye shida ya fedha ya haraka, aje kwangu kwanza kabla hajagusa gunia.

Vibarua tunaowaita msimu wa kazi nyingi walipwe jioni ileile, na chakula chao kitoke sufuria moja na chenu. Halafu, watoto wa kiume, kuchota maji na kupika si kazi ya dada zenu peke yao.

Kuanzia mavuno haya, kila kundi litakalokwenda litaacha watu wawili shambani hadi Jumanne, wasimamie kuanika na kuchambua, na fungu lao wakati wa kugawana litakuwa kubwa kuliko la waliookota tu. Zamu ya kwanza nimewapa wa Kimara. Mwenye udhuru anipigie simu kabla ya Alhamisi ili nimtafute wa kushika nafasi yake.

Wenu,
Babu, Mbagala