Jumamosi: maua ya Jan Brueghel

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa kumi tunamwangalia Jan Brueghel, mchoraji wa Antwerp (Ubelgiji ya leo) aliyezaliwa Brussels mwaka 1568. Baba yake, Pieter Bruegel, alifariki mwaka uliofuata, mtoto hata hajamjua.

Fungueni picha niliyotuma hapo juu, muikuze kwa vidole. Ni ya mwaka 1606, ipo katika jumba la sanaa la Ambrosiana, Milano. Tulipu na waridi katika chombo kimoja, na kwao hayachanui mwezi uleule! Brueghel alisubiri kila ua msimu wake, akalichora likiwa bichi. Alimwandikia Kardinali Federico Borromeo wa Milano, ambaye picha hii ilichorwa kwa ajili yake, kwamba alisafiri hadi Brussels kufuata maua yasiyopatikana Antwerp. Subira hiyo inanigusa kuliko hata rangi zenyewe.

Sasa shukeni chini ya chombo: kito, sarafu, makombe ya baharini. Alimwachia Kardinali aamue kama maua hayazidi dhahabu na vito. Mimi nasema yanazidi, lakini tuje tujadiliane.

Kila mtu aje na penseli na ua moja bichi, hata la uani. Atakayechelewa anijulishe mapema tafadhali.